Dawa ya mkonge isikupofushe

Je, msomaji, wewe husuka vyondo, mikeka au kamba kwa nyuzi za mkonge? Ikiwa wazitia rangi mwenyewe, huenda unayo kostiki soda nyumbani.

Uzi wa mkonge una nta na mafuta yanayozuia rangi na gundi kushika vyema. Ukilowekwa katika maji ya kostiki, nta hiyo huondoka, uzi ukawa wa kukwaruza kidogo, na rangi ikapata pa kushika. Mwingereza John Mercer alipewa hataza ya kutibu pamba kwa kostiki mnamo 1850, na viwanda vya nguo hutumia njia hiyo hadi leo.

Hatari ni kwamba kostiki haibagui uzi na mwili. Mafuta ya ngozi huyageuza kuwa sabuni. Ndiyo maana mtu akimwagikiwa huhisi utelezi, pengine kabla ya uchungu. Usidanganyike: kostiki huzidi kupenya hadi ioshwe. Maji yenye kostiki asilimia 5 tu hutosha kubadili uzi. Hutosha pia kuliharibu jicho kabisa.

Kwa hivyo, zingatia haya. Vaa glavu ndefu za mpira na miwani inayofunika macho pande zote. Tia kostiki ndani ya maji baridi kidogo kidogo. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kuruka. Tumia ndoo ya plastiki, si sufuria ya alumini, kwa sababu alumini huliwa na kutoa gesi inayoshika moto. Fanyia kazi hiyo nje, karibu na maji mengi.

Ikikuingia jichoni, usipoteze wakati kutafuta dawa. Fungua kope, uoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa angaa nusu saa, kisha uende hospitali hata kama maumivu yamepungua. Ngozi nayo ioshwe vivyo hivyo, baada ya kuvua nguo zilizolowa. Usitie siki wala ndimu.

Mwisho, usiiweke kostiki katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiimeza, umio wake waweza kuungua na baadaye kuziba. Usimtapishe. Msukutue mdomo na umkimbize hospitalini mara moja, ukichukua chupa hiyo ili daktari aione.