Midiria wa Chato na faida ya kikao cha kila mwezi

Simama asubuhi kwenye mwalo wa Kasenda au Muganza, wilayani Chato, dagaa wakianza kuanikwa, umtazame mdiria mweusi na mweupe aliyetua kwenye ukingo wa mtumbwi. Kagua kifua chake. Mkanda mweusi ukiwa mmoja, tena umekatika katikati, huyo ni jike. Ikiwa miwili, ni dume. Wavuvi wanaishi na ndege huyu mwaka mzima, lakini ni wachache walioelezwa tofauti hiyo, nayo ndiyo inayofungua mlango wa mengine. Ukishaijua, utaona kwamba kwenye tundu moja la kiota, lililochimbwa ukutani mwa mchanga, huenda wakaingia madume wawili au watatu, kila mmoja na kisamaki mdomoni, huku jike akiwa ni yule yule.

Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwafuatilia midiria hawa upande wa Kenya, kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha. Aligundua kwamba baadhi ya madume wanaosaidia kulisha ni watoto wa uzao uliopita, na wengine ni wageni wasio na undugu nao wala wenza. Naivasha, wenye kiota waliwafukuza wageni. Kwenye Ziwa Victoria, ambako samaki ni wadogo na mawimbi yanachelewesha uvuvi, waliwakubali baada ya vifaranga kuanguliwa, kwa sababu wazazi wawili peke yao hawakuweza kuwashibisha. Ziwa hilo ndilo letu, na dagaa wake ndio tunaowala.

Mada moja ya namna hii inatosha kikao kizima cha chama cha watazamaji wa ndege. Jirani zetu wana uzoefu wa siku nyingi: Nairobi kuna chama cha elimu ya viumbe kilichoanzishwa 1909, ambacho leo kinajulikana kama Nature Kenya, na tangu 1971 wapenzi wa ndege wamekuwa wakitoka kila Jumatano asubuhi kuwatazama. Fleur Ng'weno aliyaongoza matembezi hayo kwa miongo kadhaa. Kinachonivutia zaidi pale ni kwamba mgeni asiyejua ndege hata mmoja anatembea bega kwa bega na mtaalamu, na anafundishwa hapo hapo njiani. Kwetu Tanzania zipo klabu za uhifadhi za Malihai shuleni, zilizoanza 1980. Kwa hiyo mlango wa kuanzia tunao.

Kwa nini kikao kiwe kila mwezi? Kwa sababu ndege hawakai kama miti. Mbayuwayu wa Ulaya na keremkerem wa huko huingia kwetu kuanzia Septemba au Oktoba, na ifikapo mwisho wa Aprili wengi wameshaondoka. Chama kinachokutana mara moja kwa mwaka, tuseme Juni, kitaandika kwamba hawapo kabisa. Kinachokutana kila mwezi kitajua wamefika lini na wameondoka lini, na baada ya miaka michache kitaona kama tarehe hizo zinasogea.

Utaratibu wake si mgumu, ila unadai nidhamu. Njia iwe ile ile, saa ile ile, muda ule ule. Daftari liandikwe tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, idadi ya watazamaji, kisha kila ndege na hesabu yake. Aliyetafutwa asionekane aandikiwe sifuri. Baada ya matembezi watu wakae kivulini, mmoja azungumze nusu saa juu ya ndege mmoja tu. Mzungumzaji si lazima awe na shahada. Mvuvi aliyezeeka ziwani anaweza kueleza furukombe anavyovua kuliko kitabu chochote, naye mwalimu akaongeza kwamba kinda wa furukombe, mwenye rangi ya kahawia na mabaka, huchukua kama miaka minne au mitano kupata kichwa cheupe cha mzazi.

Chato iko katika ukanda wa dhahabu, na hapa daftari hilo lina kazi nyingine nzito. Wachimbaji wadogo wengi bado hunasa dhahabu kwa zebaki. Zebaki ikifika majini, vijidudu huigeuza kuwa sumu inayoingia kwenye samaki, na kiwango chake huongezeka kila samaki mkubwa anapomla mdogo. Furukombe, mdiria na mnandi wako mwishoni mwa mnyororo huo, na binadamu yuko pamoja nao. Hesabu za chama haziwezi kuthibitisha sumu. Hiyo ni kazi ya maabara. Lakini viota vikianza kukosa vifaranga mwaka baada ya mwaka, ni daftari litakaloonyesha, na wataalamu watajua pa kuanzia kupima.

Rubondo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, iko ng'ambo ya maji tu. Burigi-Chato ilitangazwa 2019. Watalii wanavuka bahari kuja kuwatazama ndege wa maeneo haya. Walimu wa Chato, Muganza na Kasenda, chagueni Jumamosi moja ya mwezi, mtafute darubini hata moja ya kupokezana na daftari lenye jalada gumu, mwalikeni na mvuvi mmoja. Anzeni na mdiria.