Deni la Marehemu Halikai Eda

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Notisi ambayo benki yapaswa kumpa mdaiwa aliyeshindwa kulipa mkopo wa rehani, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na marekebisho yake, ni siku 60. Hesabu yake ni nyepesi: mjane aweza kuwa bado yumo edani, na nyumba anamokalia eda imekwisha kufikia kunadiwa.

Mama mmoja alifika ofisini kwetu hapa Tanga akiwa na bahasha mbili za benki ambazo hazijafunguliwa. Mumewe alikuwa ameiweka nyumba rehani ili anunue mashine ya boti. Nilipomwuliza kwa nini hakuzifungua, alijibu, "Ndugu Katibu, shemeji alisema barua ya marehemu haifunguliwi mpaka apatikane msimamizi wa mirathi." Naye msimamizi hakupatikana, kwa kuwa watoto wa mke mkubwa na wa mke mdogo walikuwa wakivutana juu ya nani ateuliwe. Kila upande ulikuwa ukigombea nyumba ambayo riba ilikuwa ikiimega kila mwezi.

Yafaa ieleweke kwamba kifo hakifuti rehani. Wapo wanaodai kuwa notisi iliyoandikwa jina la marehemu haina nguvu, kwa kuwa maiti hapokei barua. Huenda wakili akapata hoja humo. Lakini kesi ina gharama, na deni huzidi kukua wakati hoja inasubiri kusikilizwa.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema utaratibu wa mali ya marehemu: mazishi, kisha deni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo yaje mafungu ya warithi. Sura ya An-Nisaa imeyaweka mafungu hayo nyuma ya wasia na deni. Na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, haki iliyofungamana na kitu chenyewe, kama vile kitu kilichowekwa rehani, hutangulia hata gharama za mazishi. Ajabu ni kwamba watu wanaojua kwa moyo kuwa mjane mwenye mtoto wa marehemu hupata thumni, husahau kuwa thumni hiyo ni ya kilichobaki. (Kuhusu uhalali wa riba yenyewe, huo ni mjadala wa masheikh, mkataba umekwisha kutiwa saini.)

Sheria za nchi hazikuwaacha warithi mikono mitupu. Sheria ya Mirathi, Sura ya 352, yaipa mahakama uwezo wa kumteua msimamizi mwenye madaraka ya kukusanya na kuhifadhi mali tu, pale ambapo mali iko hatarini. Hata ugomvi wa usimamizi ukiwa mahakamani, aweza kuteuliwa mtu wa kuiangalia mali hadi shauri liishe, bila ya kuwa na ruhusa ya kuigawa. Familia zinazogombana hazina budi kuifahamu njia hii, kwa sababu benki haiwezi kufanya mapatano ya maana na watu kumi wanaopingana.

Kabla ya hayo yote, mtu aende benki na cheti cha kifo, aulize jambo moja: je, mkopo huu ulikatiwa bima ya maisha? Mikopo mingi huwa na bima hiyo, na mkopaji akifa bima hulipa deni lililobaki, ilimradi masharti yake yametimizwa. Tumeona watu wakiuza mashamba ili kulipa deni ambalo pengine lingelipwa na bima. Mjane naye atazame kama alitia saini yake. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Bima ikikosekana, yafaa kuuza wenyewe, kwa makubaliano na benki, kuliko kungoja nyundo ya dalali. Ni kweli kwamba mnada wa ardhi hutangazwa walau siku 14 kabla, kwamba benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri, na kwamba fedha zinazozidi deni na gharama ni mali ya mirathi. Lakini mnunuzi wa mnadani huja kutafuta rahisi.

Mabenki nayo hayana budi kulaumiwa. Afisa huhudhuria mazishi ya mteja wake, na mwezi unaofuata barua inatumwa kwa jina la marehemu yule yule, tena kwa Kiingereza. Nasi viongozi wa mashina na mitaa, ambao huandikisha rambirambi siku ya kwanza, ni nadra kuuliza habari za deni.

Yule mama alitoka edani mchana kwenda benki, jambo ambalo wanazuoni wameliruhusu kwa dharura. Bima haikuwapo. Pande zote mbili zilikubaliana kumteua binti wa mke mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, kuwa msimamizi. Benki imekubali kupanga upya malipo, na kodi ya vyumba viwili vya mbele inakwenda huko kila mwezi. Mashemeji bado wanauliza nyumba itagawanywa lini.