RUBANI UGENINI: MSHAHARA MNONO, KITI CHA KUAZIMA

Watu wengi wamwonapo rubani akipita kiwanjani, kofia kichwani na mistari minne mabegani, hudhani kwamba huyo amekwisha kuagana na shida za dunia. Kumbe miongoni mwa marubani wanaorusha ndege za mashirika ya ng'ambo, wamo wengi ambao maisha yao yote na ya jamaa zao yamesimama juu ya karatasi moja tu, nayo ni mkataba wa kazi.

Yaliyotokea Hong Kong mwaka 2001 ni fundisho kubwa. Shirika la Cathay Pacific lilikuwa limeajiri marubani wengi kutoka Uingereza, Australia na kwingineko. Ulipozuka mgogoro juu ya mishahara na ratiba za kazi, chama cha marubani kiliazimia kwamba wanachama wake wafanye kazi kama kanuni zinavyosema, bila kuzidisha. Mwezi wa Julai shirika likawaachisha kazi marubani 49 kwa mkupuo mmoja.

Kumi na wanane wao walishikilia kesi. Mwaka 2009 mahakama iliwapa haki. Mwaka 2010 rufani ikawapunguzia. Na mwaka 2012 mahakama ya juu kabisa ya Hong Kong ikathibitisha kwamba walifukuzwa hasa kwa ajili ya shughuli za chama, na kwamba maneno ya shirika yaliwavunjia heshima. Haki ilipatikana, lakini ilichukua miaka 11. Mtoto aliyekuwa akianza darasa la kwanza wakati baba yake alipoachishwa kazi, alikuwa sasa kijana wa miaka 18.

KWA NINI KITI NI CHEPESI

Sababu ya kwanza ni kibali cha kuishi. Katika nchi nyingi za Ghuba, mgeni huishi nchini kwa sababu ya kazi yake. Kazi ikiisha, kibali nacho huisha baada ya muda uliowekwa na sheria. Aghalabu nyumba na karo za watoto pia hutoka kwa mwajiri. Askari aishiye na jamaa yake katika nyumba ya kambi aelewa vema jambo hili: siku ya kuvua sare ndiyo siku ya kutafuta paa jingine.

Sababu ya pili ni leseni. Kwa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, leseni ya rubani wa safari za kimataifa hutolewa au kuidhinishwa na nchi ilikosajiliwa ndege. Idhini ya nchi moja haimpi mtu ruhusa ya kurusha ndege za nchi nyingine. Isitoshe, rubani asiyeruka hupoteza sifa upesi, maana kanuni hudai awe ameruka na kutua mara tatu katika siku 90. Afya yake nayo hupimwa kila mwaka, na afikapo umri wa miaka 65 safari za kimataifa za biashara humkoma.

Sababu ya tatu ni cheo. Katika mashirika mengi vyeo hufuata tarehe ya kuajiriwa. Rubani mkuu wa miaka 20 akihamia shirika jingine, huenda akaanza tena kama rubani msaidizi, nyuma ya vijana aliowazidi umri.

Tauni ya Korona ilidhihirisha hayo. Mwezi wa Oktoba 2020 Cathay Pacific ilitangaza kuondoa nafasi za kazi 8,500 na kulifunga shirika lake dogo, Cathay Dragon. Marubani waliobaki Hong Kong walitakiwa kutia sahihi mikataba mipya yenye malipo madogo.

LA KUFANYA NYUMBANI

Si kwamba kazi ya ugenini ni mbaya. Imesomesha watoto na kujenga nyumba nyingi. Ila mgeni hana budi kujua kwamba shamba likipungua, yeye huwa miongoni mwa watakaonyang'anywa jembe kwanza. Katika Falme za Kiarabu, mathalan, mgeni hapati pensheni ya wenyeji. Sheria humpa kiinua mgongo, mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza.

Kwa hiyo, kijana wa jeshi la anga au wa polisi anayetamani kwenda ng'ambo, yafaa aketi na mkewe wausome mkataba pamoja kabla ya kutia sahihi. Notisi ni ya siku ngapi? Nauli ya kurudi ni ya nani? Karo ikikatika katikati ya muhula, watoto watasoma wapi? Leseni ya nyumbani isiachwe ife, na sehemu ya kila mshahara iwekwe kando tangu mwezi wa kwanza. Ndege huruka kwa mafuta yaliyotiwa kabla ya safari, na akiba haiozi.