Manukato Yanapomtoa Muumini Msikitini

Hakuna Muislamu asiyejua kwamba Mtume (SAW) aliyapenda manukato, na kwamba kujipaka mafuta mazuri baada ya josho la Ijumaa ni sunna. Kwa hiyo, mtu akisema udi unamdhuru, wengi humdhania kuwa ana jini. Hayo yamesemwa hapa kwetu Mkomaindo, Masasi, juu ya muumini ambaye kwa miezi kadhaa ameswali barazani, jua na mvua, kwa kuwa kila chetezo kinapopitishwa ndani kifua humbana.

Tatizo lake si jini. Madaktari hutofautisha mambo mawili. La kwanza ni mzio wa ngozi: mwili hukikataa kitu fulani kilichomo katika manukato, hata kikiwa kidogo, ukatoa upele na mwasho kwapani, shingoni, au mikononi mwa mama afuaye nguo. La pili ni kukereketwa kwa njia ya hewa, ambako huamsha pumu, mafua yasiyo na homa na kipandauso. Udi na ubani huongeza moshi juu ya harufu. Huko Oman, ambako karibu kila nyumba hufukiza, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliona kwamba ufukizaji hauhusiani na watoto kupata pumu, lakini wale ambao tayari wanayo mara nyingi huanza kukoroma kifua kwa sababu ya moshi huo. Sisi tuna nyongeza yetu: msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiri unga, Masasi hadi Newala. Kifua kilichokwisha kuchoshwa na vumbi la salfa hakina nafasi ya moshi mwingine.

Sharia haikuliacha jambo hili. Kitunguu saumu ni halali, lakini katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alimtaka aliyekila auepuke msikiti, na katika riwaya ya Jabir sababu imetajwa: malaika huudhika kwa yanayowaudhi wanadamu. Siufananishi udi na kitunguu. Ninachokitazama ni adha. Tena, kukaa bila manukato si jambo geni kwetu: aliyehirimia Hija au Umra amekatazwa kujitia manukato, na mjane huyaacha kwa miezi minne na siku kumi.

Katika Hija hiyo hiyo mna faida kwa familia zetu. Wapo watengenezaji wa sabuni na mafuta yasiyotiwa manukato kwa ajili ya mahujaji. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, mwagize anayekwenda. Kwa matumizi ya kila siku, mafuta mgando ya kawaida yasiyoongezwa kitu yanatosha, na nguo zifuliwe kwa sabuni ya mche isiyo na manukato, zisuuzwe mara mbili. (Najua ndugu zetu wa Newala, wanaonunua maji kwa ndoo, watacheka. Basi na wapunguze sabuni.)

Soma kibandiko kabla ya kulipa. Neno moja tu, "Parfum" au "Fragrance", laweza kuficha makumi ya vitu. Umoja wa Ulaya tangu 2005 umewataka watengenezaji wa vipodozi wavitaje kwa majina vitu 26 vinavyojulikana kuleta mzio, na mwaka 2023 orodha ikapanuliwa hadi zaidi ya 80. Usidanganyike pia na maandishi kuwa bidhaa haina harufu, kwani nyingine hutiwa manukato mepesi ili kufunika harufu yake halisi. Wala neno "asili" lisikutulize: mafuta ya karafuu ni ya asili, na kiini chake kimo katika wale 26.

Msikitini kwetu jambo hili lilihitaji vikao viwili. Mzee mmoja tunayemheshimu alihofu kwamba tunaiua sunna. Akajibiwa kwamba sunna ni mtu kunukia vizuri, haikuwa sharti moshi ujae wakati wa hutuba. Tukaafikiana: udi ufukizwe Ijumaa asubuhi, madirisha yakiwa wazi, na chetezo kitolewe nje muda mrefu kabla ya adhana, zulia lisafishwe kwa sabuni isiyo na manukato, na nafasi za karibu na madirisha waachiwe wenye vifua. Anayejipaka mafuta mazuri na aendelee, ila tone moja linatosha. Upande wa kina mama hapakuwa na mjadala, maana hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim imekwisha kumkataza mwanamke kujitia manukato anapokwenda msikitini. Muumini wetu wa barazani sasa anaswali ndani, katika safu ya tatu, dirishani.

Mwenye pumu asiiache nyumbani dawa yake ya kuvuta. Na ikiwa amevuta bila nafuu, hawezi kumaliza sentensi, au midomo inageuka rangi, apelekwe mara moja Hospitali ya Mkomaindo. Anayetaka kumsomea dua amsomee njiani.