Karatasi ya Atomu Moja na Kipimo cha Sukari

Mgonjwa wa kisukari anayejitoboa kidole kabla ya kuchoma insulini hutumia kihisi cha kikemia-umeme, hata kama hajawahi kukiita hivyo. Tone la damu linapoingia kwenye stripu, kimeng'enya kilicho juu ya elektrodi huinyang'anya glukosi elektroni. Elektroni hizo huzaa mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo ndio mashine huusoma kama namba. Wazo hili lilitangazwa na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962.

Shughuli yote hufanyika usoni mwa elektrodi. Hapo ndipo umuhimu wa grafini unapoonekana. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walieleza jinsi walivyobandua kwa utepe wa gundi tabaka moja la atomu za kaboni kutoka kwenye grafiti, madini yaleyale ya penseli. Karatasi hiyo haina ndani. Kila atomu iko usoni. Kwa hesabu, gramu moja ina eneo la takriban mita za mraba 2,630. Molekuli chache tu zikiigusa, umeme wake hubadilika, na ndiyo maana watafiti wanatarajia kupima glukosi katika jasho, ambamo ni haba mno kuliko damuni.

Uso huohuo huweza pia kuhifadhi umeme, kwa kuzikusanya ayoni juu yake. Hifadhi hiyo huchajiwa upesi sana, ila hubeba nishati kidogo kuliko betri ya lithiamu ya uzito uleule.

Tatizo ni kwamba uso mwepesi wa kuhisi huhisi mengi. Vitamini C, asidi ya yuriki na parasetamoli nazo hutoa elektroni, na namba ikapanda bila sukari kupanda. Mgonjwa akiongeza insulini kwa namba hiyo, sukari yake yaweza kushuka hadi akapoteza fahamu.

Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kupenya ngozi. Vihisi vyenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi ni jambo jingine, na vipo vilivyoidhinishwa. Mgonjwa akifika kliniki na namba ya saa, apimwe kidoleni kabla dozi haijaguswa, na aulizwe pia dawa alizomeza.