Unapaka vanishi chumbani? Chunga kitambaa ulichofutia

Stuli ikishapigwa msasa, wengi wanaoishi chumba kimoja huipaka vanishi hapo hapo, hatua mbili tu kutoka jiko la gesi. Mvuke wa tina hushika moto haraka. Zima jiko, fungua madirisha, au tumia vanishi ya maji: harufu yake ni ndogo na hukauka ndani ya saa chache.

Ila kinachowashangaza watu ni kitambaa. Kikilowa mafuta ya kitani kisha kikakunjwa, mafuta yakianza kukauka hutoa joto, likikosa pa kutokea kitambaa huwaka chenyewe, bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke, au kitie kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko. Usikitupe kwenye ndoo ya taka ukaenda kulala.