Kwa nini foleni ya ajira ya serikali haipungui

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 za kazi, na waombaji wakazidi 130,000. Wanaokumbuka Juni 2014 hawakushangaa sana. Wakati ule vijana zaidi ya 10,000 walifurika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa Idara ya Uhamiaji iliyokuwa na nafasi 70 tu. Takwimu za namna hii zikitoka, lawama huwa tayari: vijana wa siku hizi wanataka kuajiriwa tu, kujiajiri hawataki. Kwa macho ya mchumi wa kazi, vijana hao wamepiga hesabu, na kwa sehemu kubwa wameipiga sawasawa.

Mshahara ni kipande tu cha hesabu hiyo. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 kwa ajili ya mfuko wa pensheni, PSSSF, na mwajiri wake huongeza asilimia 15. Bima ya afya inamhudumia yeye, mwenza wake na watoto. Kisha kuna cheki namba, yaani namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Mwenye cheki namba huingia benki akaomba mkopo bila kuulizwa hati ya nyumba, kwa sababu marejesho yatakatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia. Ndiyo maana mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka michache kazini anaweza kuwa na kiwanja na matofali yameshapangwa, huku fundi simu wa Kariakoo, ambaye siku ya biashara nzuri pengine anamzidi kipato, bado anadunduliza kwenye kikoba. Kipato cha fundi kinapanda na kushuka, na benki haiamini kipato cha namna hiyo. Kijana amemwona jirani yake mwalimu na amemwona fundi. Hakuhitaji semina ya ujasiriamali ili aelewe.

Ila kusubiri nako kuna bei, na hailipwi sawa na wote. Mhitimu ambaye kwao kuna chumba na sahani ya ugali anaweza kuendelea kutuma maombi mwaka hata miwili. Mtoto wa mkulima aliyepanga chumba mjini hawezi. Ataendesha bodaboda, au atakaanga chips, na kila usaili utamgharimu mapato ya siku nzima. Hapo ndipo ninapokerwa na utaratibu wa kujitolea maofisini. Unasifiwa kwamba unampa kijana uzoefu, na kweli unampa, lakini anayejitolea bila hata nauli ni yule ambaye nauli inatoka nyumbani. Wengine mlango umeshafungwa, na mwaka unaofuata tangazo litadai uzoefu.

Serikali imegusa upande wa elimu. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa zikafika 65, na Sera ya Elimu toleo la 2023 imeweka mkondo wa amali, ili mwanafunzi atoke sekondari na ujuzi wa mkononi. Ni hatua nzuri. Hata hivyo, anayejaza fomu ya machaguo akiwa na miaka 16 au 17 hatazami orodha ya masomo peke yake. Anatazama pia maisha ya waliotangulia. Akiona fundi umeme wa mtaani hakopesheki, atakimbilia tahasusi inayoelekea ofisini.

Halmashauri zina mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, na asilimia 4 kati ya hiyo ni ya vijana. Inasaidia, lakini kijana huipata akiwa ndani ya kikundi, na si kila fundi ana wenzake anaoweza kufunga nao deni. Milango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, nayo iko wazi kwa waliojiajiri. Tatizo ni kwamba pensheni ni ya uzeeni, na mchomeleaji wa miaka 25 anatafuta fedha ya mashine mwezi huu.